Khanga Zilitua Barafuni, Lawama Nikamwachia Dada

Nina miaka arobaini na mmoja. Ninaandika haya nikiwa kwenye chumba cha kupanga huko Woodbridge, Virginia, katika nyumba ya watu ambao hata majina yao siyajui vizuri. Sina mke. Sina mtoto. Nilichokuwa nacho duniani ni dada mmoja na binti yake, na hao nao nimewapoteza kwa mdomo wangu mwenyewe...

Najua baadhi yenu mtanicheka. Mtasema, mtu mzima na akili zake anajuta hivi kwa sababu ya mchezo wa kwenye barafu? Someni kwanza, ndugu zangu. Mkimaliza ndipo mcheke.

Nilizaliwa Tukuyu, mkoani Mbeya. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili. Si kwamba nilikuwa mzito kichwani, hapana! Nilikuwa siwezi kutulia. Kila lori lililopita kwenda Malawi nilitaka kujua limebeba nini na dereva wake analala wapi. Siku moja nikapanda mojawapo, na darasani sikurudi tena. Nimeishi Karonga, nimeishi Lusaka, nimeishi Durban. Nimeuza simu, nimepaka meli rangi, nimekuwa msaidizi wa fundi friji. Kote nilikopita niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka.

Lakini mtu aliyeacha shule mapema ana hofu moja isiyomtoka. Anaogopa kuonekana hajui. Basi mimi nilipokosa jibu, nililitunga. Nililisema haraka, bila kusita, na watu waliniamini. Nani angeniuliza zaidi?

Dada yangu, nitamwita Sekela, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alikuja Marekani zamani, akawa raia, akaniombea na mimi karatasi. Tulisubiri miaka mingi. Nilipofika hapa nikashindwa kutulia vilevile! Nikapotelea Minnesota, nikafanya kazi ya usafi kwenye jumba la kuteleza barafuni. Huko ndiko nilikouona mchezo wa hoki ya barafu kwa mara ya kwanza. Nilisimama na fagio langu, mdomo wazi. Wachezaji wanateleza kwa viatu vyenye visu, wanagombea kidude cheusi cha mpira mgumu kwa magongo marefu, na anayekiingiza golini ndiye shujaa. Niliuliza kila kitu, nikaelewa nusu.

Baadaye nilirudi kwa dada, Germantown, Maryland. Akanipa chumba cha chini ya nyumba na hakuniuliza nitaondoka lini.

Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Anawaogesha, anawalisha, anawaambia majina ya watoto wao. Binti yake Atupele alizaliwa hukuhuku. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Na huyo Atupele, wasomaji wenzangu, alikuwa mchezaji wa hoki wa timu ya wasichana ya chuo chake. Tena mshambuliaji! Msichana wa Kinyakyusa!

Dada hakutaka hata kusikia. Mwaka wa kwanza wa chuo Atupele alirudi nyumbani na jino limevunjika. Dada alilitazama lile pengo, kisha akasema maneno ambayo yalibaki kama ukuta kati yao: "Sikuja huku kufuta vinyesi vya watu ili mwanangu ang'olewe meno kwa gongo."

Tangu siku ile hakuwahi kwenda kumwona akicheza. Hata mara moja. Wazazi wengine walikuja na mabango na maandazi yao ya kizungu, na Atupele alikuwa na mimi tu, mjomba wake, ninayepiga kelele peke yangu.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho wake chuoni. Timu yao ikaingia kwenye mashindano ya ubingwa wa vyuo, na safari hii yakafanyika karibu na kwetu kabisa, mwendo mfupi wa gari. Jioni waliyofuzu kuingia fainali, nilimrudisha hosteli. Tulipofika akafungua mlango, akaufunga tena, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Anko, please. Mlete Mama. Mara moja tu."

Niliapa nitamleta.

Nilimkuta dada jikoni, ametoka kazini, hajavua hata viatu. Nilimweleza kwamba hii ndiyo mechi ya mwisho ya mtoto wake maishani, kwamba baada ya hapa ni kazi na ndoa na uzee, na kwamba atakumbuka nani alikuwepo na nani hakuwepo. Dada aliinama akaanza kufungua kamba za viatu. Nikadhani ataniambia niondoke. Kisha akauliza: "Nivae nini?"

Jamani, nililia kwa furaha! Na hapohapo nikaanza kujifanya profesa.

Jumapili ya fainali, baada ya ibada, dada aliwachukua rafiki zake wawili. Mmoja ni Nyambura, Mkenya mcheshi kupita kiasi, mwingine ni Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anayechanganya Kiswahili na Kifaransa. Nikiwaendesha kwenye gari, niliwapa darasa. Niliwaambia kuna desturi kubwa ya hoki: mchezaji mmoja akifunga mabao matatu katika mechi moja, mashabiki huvua kofia zao na kuzirusha kwenye barafu. Ni heshima yake hiyo.

"Na sisi kofia tutatoa wapi?" Nyambura akauliza. "Mimi niko na wigi. Unataka nirushe wigi, nibaki na kichwa hivyo mbele ya wazungu?"

Tulicheka mpaka machozi. Mama Furaha akasema, "Mais Nyambura, ile wigi itaogopesha kipa!"

Dada hakucheka sana. Alikuwa amepakata mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na doti za khanga alizokuwa amezihifadhi kwenye sanduku kwa ajili ya mahafali ya Atupele. Akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba kwetu mtoto akishinda anatandikiwa khanga. Je, hairuhusiwi?

Mimi nilijua? Sikujua! Lakini nilijibu papo hapo kwamba inaruhusiwa kabisa, kitambaa na kofia ni kitu kimoja, tena wazungu watapenda.

Basi tukaingia. Baridi ya mle ndani ilimfanya Nyambura aseme, "Aki tumelipa kiingilio kuingia ndani ya friji!" Wale mama walikaa mstari wa mbele, kwenye kioo, na makoti yao juu ya nguo za kanisani. Watu walitugeukia. Mimi nilijiona mkuu wa msafara.

Wachezaji walipotoka kupasha misuli, Atupele alimwona mama yake. Alisimama katikati ya barafu, wenzake wanampita kushoto na kulia. Kisha akateleza mpaka kwenye kioo, akabandika glavu yake kubwa pale. Dada akaweka kiganja chake upande wa pili. Kioo kilikuwa kinene, wasingesikiana hata wakisema...

Maelewano yale ndiyo mimi niliyokuja kuyavunja.

Atupele alifunga bao la kwanza mapema. Dada aliruka na kupiga kigelegele ambacho nadhani jumba lile halijawahi kukisikia tangu lijengwe. Wapinzani wakasawazisha. Ndipo vijana wa upande wao, wanafunzi wenye nyuso zilizopakwa rangi, wakarusha midoli mle barafuni kwa shangwe. Mchezo ukasimama. Watu wakaingia kuokota. Waamuzi wakasogea kwenye meza ya maofisa wakazungumza, na muda mfupi baadaye mtangazaji akatoa tangazo kwenye vipaza sauti.

Mle ndani sauti inagonga kuta na kurudi. Na mimi wakati ule nilikuwa nimemgeukia Mama Furaha, namweleza kwamba barafu ile hulainishwa kwa maji ya moto. Alikuwa anashangaa, "Weye ndugu, unajua yote, vraiment!" Nami nilikuwa nimevimba kwa sifa. Tangazo likapita. Sikusikia hata neno moja.

Dada akanigusa bega. "Kasema nini huyo?"

Ningesema tu sikusikia. Ningemuuliza yule baba wa Kizungu aliyekaa nyuma yetu. Ilikuwa kazi ya kugeuza shingo! Lakini mbele ya Mama Furaha, baada ya kusifiwa kwamba najua yote, ningesemaje sijui?

Nikasema, "Ni bahati nasibu tu. Itachezeshwa wakati wa mapumziko."

Dada akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Aliniamini kwa sababu mimi ni mdogo wake na sikuwa na sababu ya kumdanganya.

Bao la pili Atupele alilifunga katika kipindi cha pili, na wapinzani wakasawazisha tena. Kipindi cha tatu, cha mwisho, kilikuwa mateso. Nyambura alikuwa amefumba macho. Mama Furaha alikuwa anaomba kwa Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Zilipobaki dakika chache, Atupele aliuchukua mpira ule mweusi pembeni, akampita msichana mmoja, akampita wa pili, akaupiga juu ya bega la kipa...

Bao! La tatu! Lake peke yake!

Nilisahau kila kitu. Nilisimama juu ya kiti, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Sasa! Rusheni! Dada, rusha!"

Dada akarusha. Khanga ya kwanza ilipaa juu ya kioo, ikafunguka hewani, nyekundu na nyeusi, ikatua mbele ya mwanawe. Mama Furaha akarusha ya pili. Nyambura akarusha ya tatu, na kofia ya mtu aliyekuwa karibu naye! Kwa kitambo kidogo niliona meno ya Atupele, pengo na yote, akimcheka mama yake kwa furaha. Nawaapia, sijawahi kuona furaha kama ile.

Kisha nikamwona mwamuzi ameinua mkono.

Jumba zima likaanza kunung'unika. Khanga moja ilikuwa imejisokota kwenye kisu cha kiatu cha msichana wa timu yetu, wanaitoa. Mwamuzi akaenda kwa kocha wetu. Kocha, mama mmoja mfupi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Yule baba wa nyuma yetu ndiye aliyenieleza, kwa hasira. Tangazo lile lilikuwa limesema kwamba baada ya ile midoli, timu yoyote ambayo mashabiki wake watarusha kitu barafuni itaadhibiwa. Kitu chochote. Kofia pia. "Hamkusikia?" akaniuliza. "Mlikuwa mmekaa hapa hapa!"

Nikashuka kwenye kiti.

Mchezaji wetu mmoja akapelekwa kukaa kwenye kibanda cha adhabu, timu ikabaki pungufu. Walielemewa na mashambulizi. Kabla adhabu haijaisha, wapinzani walisawazisha. Ikaingia muda wa nyongeza, ambao anayefunga kwanza ndiye bingwa. Wakafunga wao.

Wasichana wetu walilala kwenye barafu kama waliopigwa risasi. Atupele alipiga magoti, akaweka paji la uso chini, na hakunyanyuka mpaka wenzake walipomwinua.

Dada hakuelewa bado. Alikuwa ananiuliza, "Kwa nini waliwapunguza? Ni khanga zetu?" Nami nilimwambia tutoke kwanza.

Tulisubiri kwenye ukumbi mwembamba, nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Wazazi wengine walisimama mbali na sisi. Mtu mmoja alikuja akamkabidhi dada khanga zake, zimelowa chapachapa. Hakusema hata pole.

Atupele alitoka nywele zikiwa majimaji, macho mekundu. Hakunitazama mimi. Alisimama mbele ya mama yake, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ambayo iliuma kuliko kelele: miaka yote hukuja. Nilikuomba, hukuja. Na siku uliyokuja, umekuja kuniharibia.

Dada alizikumbatia khanga zile zilizolowa. Akanigeukia. "Mwambie," akasema. "Mjomba wake, mwambie ilivyokuwa."

Ndugu zangu, hapa ndipo ningependa kuparuka. Kocha alikuwa pale. Yule baba aliyenikaripia alikuwa pale. Wale wazazi wote walikuwa wananitazama, mimi niliyekuwa nimesimama juu ya kiti. Na Atupele alikuwa ananitazama kwa macho ya mtoto anayeamini kwamba mjomba wake anajua.

Nikasema: "Nilimkataza. Hakunisikia."

Ndiyo! Hayo ndiyo maneno niliyoyasema! Kuhusu dada aliyejinyima chakula ili mimi nile, aliyenibeba mgongoni!

Mama Furaha akaruka. "Weye! Mungu anakuona!" Lakini dada akamshika mkono, akamwambia, "Acha, Mama Furaha. Mtoto ameumia. Acha." Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Atupele aliondoka na wenzake. Hakurudi nyumbani wiki ile, wala zilizofuata. Siku ya mahafali alimtumia mama yake ujumbe mfupi kwamba nafasi za wageni ni chache. Dada alijua maana yake. Alivaa sare yake akaenda kazini kama siku nyingine, na mimi nikabaki chumbani kwangu nikisikiliza gari lake likiondoka. Mnadhani nilimfuata? Mnadhani nilimpigia Atupele? Nilifanya kile ninachokijua tangu utotoni. Nilifungasha begi, nikasema nimepata kazi kwenye ghala huku Virginia, nikakimbia.

Dada hakunilaumu hata mara moja. Kila Jumapili alinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nami nilijiambia kwamba labda ameshasahau, labda yanapita yenyewe...

Mpaka Jumapili moja, sauti yake ilikuwa tofauti. Aliniambia amesikia kwa watu kwamba Atupele sasa yuko huku huku Woodbridge, amepata kazi kwenye kliniki, na bado hapokei simu zake. Kisha akasema:

"Mdogo wangu, nataka uniambie ukweli. Ulinikataza, eti?"

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Maana mimi nakumbuka uliniambia nirushe," akaendelea. "Nakumbuka kabisa. Mama Furaha naye anasema ndivyo, na mimi nadhani ananifariji tu. Lakini wazee wangu kule kazini nao wanakumbuka kabisa vitu ambavyo havikutokea. Wanavyoapa! Ndivyo inavyoanza. Usiku silali, nawaza labda na mimi imeanza. Naogopa, Ambwene. Nikipotea akili, Atupele atabaki na nani?"

Niliangusha simu. Nilikaa sakafuni nikaziba mdomo kwa mkono. Je, mmewahi kusikia unyama kama huo? Sikumwibia mwanawe tu. Nilikuwa nimemwibia hata kichwa chake!

Niliiokota simu nikamwambia kila kitu. Kwamba sikusikia tangazo. Kwamba bahati nasibu niliitunga. Kwamba nilimwamuru arushe, na nikasema uongo mbele ya watu ili nisiaibike. Mwisho akasema tu, "Kumbe niko mzima." Akaanza kulia, nami nilijua hanililii mimi. Ilikuwa ahueni.

Kesho yake nilimsubiri Atupele nje ya kliniki, saa ya kutoka kazini. Aliponiona alitabasamu! Alikuja kunikumbatia, nikamwomba asinikumbatie mpaka nimalize kusema. Nikamweleza yote, nimesimama katikati ya magari ya watu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu hakitoshi kwa aibu kama ile.

Nilimwona akibadilika uso kidogo kidogo. Nilipofika kwenye habari ya mama yake kuogopa kupoteza akili, aliegemea gari lake.

"Siku ile Mama alijua unadanganya," akasema. Kwa Kiswahili, safari hii. "Akanyamaza. Akaniacha nimchukie yeye, nisikuchukie wewe."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ukanyamaza. Ukaniacha."

Nikasema ndiyo. Nikaanza kuomba msamaha, lakini alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Hakunitukana. Aliondoka kuelekea barabara kuu, na nilijua anakwenda Germantown kwa sababu wakati ule wa foleni hakuna mwenye akili zake anayeelekea huko bila sababu kubwa.

Mama Furaha ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba Atupele alifika akamkuta mama yake bado na sare ya kazi, na kwamba walikaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuingia ndani. Sasa anakwenda kila mwisho wa wiki. Dada amenenepa kidogo. Nashukuru Mungu.

Mimi dada alinipigia mara moja. Aliniambia nimefanya vizuri kusema. Kisha akasema, kwa upole uleule alionilea nao: "Lakini usije kwanza. Nitakuita mwenyewe." Ni miezi sasa. Zile simu za Jumapili za kuniuliza kama nimekula zimekwisha.

Ndugu wasomaji, simlaumu. Nawaandikia kwa sababu najua wapo wenzangu wengi kwenye nchi hizi za watu, ambao kwenye familia zao ndio wanaotegemewa kueleza mambo: daktari kasema nini, mwalimu kasema nini, karatasi inataka nini. Wazee wetu na dada zetu wanatuamini. Nawasihi, pale usipojua, sema hujui! Utaonekana mjinga kwa dakika moja tu. Mimi niliikwepa dakika hiyo, na tazameni nilipo.

Na kama tayari umemwachia mtu mwingine lawama yako, usisubiri aanze kuiamini. Nenda leo. Mtafute, useme, mbele ya walewale uliowadanganya. Usitegemee kupokelewa. Mimi sikupokelewa, na bado ndilo jambo pekee la maana nililofanya mwaka huu wote.

Ghala letu linafungwa Jumapili. Huwa nanunua chakula, nakaa nacho mezani, nasubiri kidogo kabla ya kuanza kula...